Tatu Nukta Mbili, Baridi

Shangazi Lempi hakuacha wosia.
Aliacha bunduki, jozi mbili za soksi za sufu,
na ndani ya kifuniko cha kasha la risasi
maneno ya penseli: "3.2, baridi."
Nikadhani ni kipimajoto.
Nikajiuliza, huku Kuhmo, ambako mate huganda kabla ya kugusa theluji,
nani hujisumbua kuandika nyuzi tatu na kitu?

Julai, kwenye shimo la changarawe nyuma ya kiwanda cha mbao,
binamu Tauno alinishauri kama dalali wa ng'ombe:
"Chukua nzito. Nyepesi hupeperushwa na chafya."
Nikachukua za gramu tatu nukta sita,
ndefu, zenye ncha ya sindano ya kushonea magunia.
Saa sita ya usiku mweupe, mita mia,
matundu matano
yangefunikwa na kifungo kimoja cha shati.
Tauno akavimba kama andazi.

Kisha Desemba.
Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
misonobari imebeba theluji hadi imepiga magoti,
na kileleni, metso dume,
mweusi, mzito kama bata mzinga,
akidonoa majani ya msonobari bila haraka.
Nikashusha nusu ya pumzi. Nikafyatua.
Hakuruka mara moja. Aligeuza shingo,
akanitazama kama mwalimu anayesubiri jibu la pili,
halafu akaondoka na kishindo chake chote
akanimwagia theluji kolani.

Kesho yake karatasi ikasema kweli.
Tundu la kwanza halikuwa tundu,
lilikuwa picha ya risasi nzima, ubavu wake,
kitako na ncha,
kama dagaa aliyekanyagwa.
La pili, mkono mzima kutoka hapo.
La tatu sijaliona hadi leo.

Jikoni, nikaufunga ufito wa kusafishia kitambaa cha kubana,
nikautia mtutuni, nikauwekea alama ya wino,
nikausukuma polepole, nao ukajizungusha wenyewe
kama mtu anayeshuka ngazi za mnara gizani,
mpaka alama ikarudi juu.
Inchi kumi na nne kwa mzunguko mmoja.
Mtutu mvivu. Au tuseme, hauna papara.
Ya siku hizi husokota karibu mara mbili ya hapo.

Oskari alikuwa sakafuni na pia yake,
fupi, yenye tumbo; aliigusa tu, ikalala wima.
Akajaribu kuizungusha penseli kwa ncha.
Ikaanguka kabla hajaondoa vidole.
"Hii inataka nguvu nyingi," akasema, akaenda kutafuta maziwa.

Si uzito, basi.
Uzito ni jina la kwenye boksi.
Ni urefu: mwili mrefu hudai msokoto mwingi
ili usimame angani,
na hewa ya baridi imeshonana,
huisukuma pua ya risasi kama umati mlangoni.
Kiangazi kilinikopesha.
Desemba ikaja kudai.

Nikafungua kifuniko tena.
Gramu, siyo nyuzi!
Mwanamke aliyeishi peke yake miaka arobaini,
asiyemaliza sentensi hata mezani,
alikuwa amenijibu kabla sijauliza.

Tauno anasema nibadilishe mtutu, ana fundi wake Kajaani.
Nimenunua boksi la tatu nukta mbili, fupi, zenye mashavu.
Anaziita peremende.

Jumamosi, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
kope zikigandana:
matundu matano, yote mviringo.
Si kifungo cha shati. Cha koti, labda.
Chini ya mwandiko wake nimeongeza neno moja,
kwa risasi ile nyingine, laini, ya penseli:
"Ndiyo."